Darasa la dansi la paani, Malindi: miezi minne ya kujifunza kungoja

Nimemaliza mwezi wa nne kwenye darasa la salsa na bachata linalofanyika juu ya paa hapa Malindi, upande wa barabara ya Lamu. Watu kadhaa wameniuliza kama pesa yake ni halali, kwa hiyo naandika yote, yaliyonifaa na yaliyonikera. Kama umeshajua hatua za mwanzo na unaona umekwama, nenda. Kama hujawahi kukanyaga salsa hata siku moja, soma hadi chini kwanza.

Mimi ni Mgiriama, nimekulia kwenye kayamba, kiuno hakijawahi kunisumbua. Kabla ya hapa nilikaa miezi mitatu kwenye darasa jingine ambalo jina lake nitalihifadhi. Kule kila wiki tulipewa mtindo mpya. Wiki hii mkono unapita juu ya kichwa, wiki ijayo unapita mgongoni, ya tatu unachanganya yote mawili. Tunatoka jasho, tunarekodiwa kivideo cha dakika moja, tunaenda zetu. Ukifika wiki inayofuata, ule wa juzi umeshasahaulika. Na mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba najua kucheza.

Kisha nikaalikwa usiku wa dansi Watamu. Kaka mmoja kutoka Mombasa akaniomba wimbo. Haukufika nusu akasimama, akashusha mikono, akaniambia taratibu, "Dada, ngoja. Bado sijakuita." Hakusema kwa ubaya, na tulimaliza wimbo. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani wiki nzima, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mkono wake ukipanda kidogo tu, mimi nishazunguka. Yeye alikuwa hachezi na mimi, alikuwa anakimbizana na mimi.

Hapo ndipo nikapanda ngazi za lile darasa la paani.

Siku ya kwanza mwalimu hakufundisha mtindo wowote. Alitupitia mmoja mmoja na swali lilelile.

"Unataka nini hapa, dada?"

"Kucheza vizuri, mwalimu."

"Sawa. Leo ukishuka ngazi hizi, utajuaje kama umekipata?"

Sikuwa na jibu. Akacheza nami wimbo mmoja, akanyamaza, akaenda kuchukua chaki. Akampa mwanafunzi wa zamani, dada mmoja wa Maweni, akamwambia, "Wimbo huu, kila akizunguka bila kuitwa, piga mstari ukutani." Tukacheza tena. Nilipogeuka kuangalia ukuta niliona mistari tisa. Tisa, kwa wimbo wa kama dakika nne! Kwa mara ya kwanza tatizo langu lilikuwa na sura na idadi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Salsa huhesabiwa hadi nane. Unakanyaga moja, mbili, tatu, ya nne unaiacha ipite. Unakanyaga tano, sita, saba, na ya nane unaiacha ipite. Anayeongoza akitaka uzunguke kulia, kwa namna tunayofundishwa sisi, anakuandaa kwenye moja, mbili, tatu, na wewe unazunguka kwenye tano, sita, saba. Ile nne katikati ni kimya kidogo tu, lakini ndani yake mna habari yote. Mkono uliopanda huenda unakuzungusha, huenda yeye mwenyewe anataka kupita chini yake, huenda anabadilisha mkono tu. Utajua kwenye nne. Mimi nilikuwa siifikii nne. Nilikuwa nishajiamulia kwenye tatu.

Nimefikiria sana kwa nini. Kwenye ngoma zetu wanawake mko pamoja, hando, zile sketi zetu za marinda, zinarukaruka, na kinachokuita ni ngoma yenyewe. Hakuna aliyekushika mkono. Sikio langu limezoea kujibu mdundo palepale, na ni zoezi zuri la miaka mingi, sitaki kulidharau. Ila kwenye salsa kati yako na mdundo pana mtu, naye ana mawazo yake. Kwenye darasa la kwanza kosa hili halikuonekana kwa sababu wote tulikuwa tumekariri mtindo uleule. Ukizunguka mapema pale unaonekana hodari! Unasifiwa. Ndiyo maana nasema darasa la mitindo mitupu linaweza kukuharibu huku likikupigia makofi.

Basi lengo langu la mwezi wa kwanza likawa neno moja, kungoja, na kipimo chake kikawa mistari ya chaki.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la leso. Mnasimama mkitazamana, mmeshika leso moja iliyokunjwa kwa urefu, yeye ncha hii na wewe ncha ile. Anayeongoza anakwenda mbele, nyuma, pembeni, bila kukwambia. Kazi yako ni kuiweka leso katika hali moja, isilegee na isikazike. Ikilegea tumboni, umemtangulia au umemsogelea. Ikikazika hadi ile michoro ya pindo inanyooka kama imepigwa pasi, umechelewa au unavutana naye. Huna la kubishana, kitambaa kinasema. Siku ya kwanza leso yangu ilikuwa inalegea kila tulipobadilisha upande, na nilihisi kwenye vidole vyangu, kabla hata ya kuiona, ule wepesi wa kitu kisicho na mtu upande wa pili. Baadaye tukafunga macho. Baadaye tukaondoa leso tukabaki na ncha za vidole tu, na ajabu ni kwamba niliendelea kuisikia.

Mistari haikushuka kama ngazi. Wiki ya kwanza tisa, ya pili sita, ya tatu ikapanda saba na nikataka kulia, ya nne ikawa miwili. Ile wiki ya mistari saba mwalimu alinibadilishia dawa, akaniweka kwenye kizomba. Hii ni dansi ya Angola, mnashikana karibu na sehemu kubwa ni kutembea, na mwendo unaupokea kutoka kifuani mwa mwenzako kuliko mkononi. Hamna mkono wa kukudanganya. Usipongoja unamkanyaga, basi. Nilicheza kizomba masomo mawili na niliporudi kwenye salsa nne ilikuwa ndefu, kana kwamba mtu ameivuta.

Kuna utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, kuhusu wanafunzi wa fidla wa Berlin, ulioonyesha kwamba waliokuwa bora zaidi walikuwa wamejikusanyia saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao. Watu huushika kwa upande wa wingi wa saa. Mimi saa nilikuwa nazo tayari, miezi mitatu mizima kule kwa kwanza. Zilikuwa saa za kurudia kosa langu likaota mizizi. Ericsson mwenyewe alikuwa akizungumzia mazoezi yaliyokusudiwa kurekebisha jambo fulani, na hilo ndilo nililolipata juu ya paa.

Mwezi wa pili lengo likawa bachata, kuisikia ile nne yake. Bachata, asili yake Jamhuri ya Dominika, ni hatua tatu na ya nne unagusa tu chini na nyonga inapanda. Rahisi, ikiwa hujapotea. Nilikuwa nacheza wimbo mzima nikijirekodi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, kisha narudia kutazama nikihesabu mara nilizotoka nje ya mdundo. Hapa sikuhitaji mtu. Nilifanya jikoni, dakika kumi na tano kabla ya kwenda kazini, lengo moja, na nikimaliza naandika tarakimu moja kwenye daftari.

Niliwahi kukosea pia. Mwezi wa tatu nilijiandikia malengo matano kwa wiki moja: mgongo, mikono, macho, kungoja, kutabasamu. Nilicheza kama mtu anayebeba mitungi mitano. Mwalimu alilichukua daftari, akakata manne kwa kalamu. Na ana sheria ninayoiheshimu sana: usiku wa sherehe hakuna daftari. Sherehe ni ya kuwafurahia watu. Lengo pekee aliloniruhusu kwenda nalo ni kuomba wimbo kwa watu watatu nisiowajua, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kukaa kitini kungoja niitwe. Kungoja huko ndiko hakunifai.

Sasa upande wa kero.

Sakafu ni saruji. Viatu vya raba vinaishika, mwili unazunguka, goti linabaki. Mwezi wa kwanza goti la kulia liliniuma hadi nikalala na barafu. Nilimpelekea fundi viatu wa mtaani viatu vyangu vya chini, akagandisha chini yake ngozi laini, upande wenye vinyweleo ukiwa nje. Maumivu yaliondoka. Mambo kama haya mwenye darasa angeyatangaza siku ya kwanza, si kumwachia mtu ajue kwa goti lake.

Wanaume ni wachache. Jioni ya kawaida tuko wanawake kumi na mmoja na wanaume watano. Tunazungushwa kila baada ya wimbo lakini bado unasimama pembeni sana, na muda huo umeulipia. Mimi nimeamua kujifunza kuongoza, na kwa kweli ndiko nilikoelewa jinsi mtu anayewahi anavyochosha mikono. Lakini si kila mtu atataka hivyo.

Wakati wa masika paa ni paa. Mvua ikija, ujumbe wa kuahirisha unafika mtu uko ndani ya tuktuk tayari. Imenitokea mara mbili na nimelalamika, na somo moja tu ndilo lililofidiwa. Ramadhani wanasimama na siku ulizolipia zinasogezwa mbele, hilo wanalifanya kwa uaminifu.

Bei ni shilingi 500 kwa somo, au 3,500 kwa mwezi wa masomo manane, Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumapili kuanzia saa kumi kuna muda wa mazoezi usio na mafundisho, bure kwa aliyelipa mwezi. Ukienda Jumanne na Alhamisi ukaiacha Jumapili, umenunua nusu. Kwa asiyejua chochote, naona ni pagumu kidogo: mwalimu anauliza lengo lako na wewe hata majina ya hatua huyajui. Wawili walioanza nami bila msingi waliacha wiki ya pili, na nilisikitika, maana walikuwa wanataka kweli. Angewatengea mwezi wa wanaoanza.

Mimi nimelipa mwezi wa tano. Lengo lililo juu ya ukurasa ni kuongoza wimbo mmoja mzima wa bachata bila kuangalia miguu ya mwenzangu, na Alhamisi nilichungulia mara nane. Jumapili nitakuwa kule saa kumi. Ukija, njoo na leso yako, zile za darasani zimechakaa na hazisemi vizuri.