Siku mbili Giang Mỗ, nyumbani kwa Wamuong

Chakula cha kwanza tulichotengewa Giang Mỗ, kijiji cha kaskazini mwa Vietnam, kilipangwa juu ya jani la mgomba, na zaidi ya nusu yake ilikuwa nyama ya nguruwe: ya kuchemsha, ya kuchoma, na nyingine imefungwa kwenye majani. Mimi na mume wangu ni Waislamu. Tulikuwa tumemwandikia mara mbili wakala aliyetupangia safari kule Hanoi kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, naye akajibu hakuna shida. Ujumbe haukufika kijijini. Mama mwenye nyumba alipoelewa, kwa msaada wa binti yake na simu inayotafsiri, alishika kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Iliniuma kumwona anaona haya kwa kosa lisilo lake.

Aliliondoa jani lote. Akashuka ngazi, akarudi na kuku mzima anayepiga kelele, akamkabidhi mume wangu pamoja na kisu. Hapo moyo wangu ulitulia. Kuku alipikwa kwenye sufuria mpya iliyokuwa bado na karatasi ya dukani, pamoja na machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, mchuzi mkali kidogo ambao hadi leo nauwaza. Kesho yake tulikula samaki wa ziwani waliobanwa kwenye vijiti vya mwanzi na kuchomwa juu ya makaa, na wali wa kunata uliopikwa ndani ya pingili za mwanzi. Naanza na hili kwa sababu najua ndilo wengi wenu mtakaloniuliza. Andikeni wenyewe mahali popote mnapoweza: không ăn thịt lợn. Maana yake hatuli nguruwe. Mwonyesheni mwenyeji kabla hajaweka chungu jikoni.

Sasa niseme tulikuwa wapi. Wamuong ni watu wa kaskazini mwa Vietnam, zaidi ya milioni 1.4 kwa sensa ya 2019, na milima ya Hòa Bình ndiyo kitovu chao. Hòa Bình kwa Kivietinamu ni Amani, kama ile Amani yetu ya Usambara. Kutoka Hanoi hadi mji wa Hòa Bình ni kama kilomita 75 kwa barabara kuu namba 6, na Giang Mỗ haiko mbali na hapo. Ukiitafuta kwenye ramani, kumbuka kwamba tangu Julai 2025 mkoa wa Hòa Bình umeunganishwa na Phú Thọ. Tulikwenda Novemba, mpunga umeshavunwa, na machungwa ya Cao Phong yamepangwa kando ya barabara. Nunueni.

Mimi ni mtu wa Lushoto, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni vijijini, ule utalii wa utamaduni ulioanza kwetu miaka ya 1990. Kwa hiyo macho yangu hayakuwa ya mgeni tu. Nilikuwa naangalia nani anapika, nani anapokea fedha, na nani anakaa pembeni akitazama tu.

Nyumba imeinuliwa juu ya nguzo kama dungu la kulindia mpunga, lakini kubwa, na sakafu yake ni ya mianzi iliyopasuliwa na kutandazwa. Binti alitusimulia kwamba kobe ndiye aliyewafundisha mababu wa Wamuong kujenga: miguu yake ikawa nguzo, gamba lake likawa paa. Ukishaambiwa hivyo, ukisimama nje unamwona kobe kweli. Ndani hakuna vyumba. Mnalala kwenye magodoro membamba yaliyotandikwa sakafuni, kila mtu na chandarua chake, na pazia kati ya wageni na wenyeji. Novemba upepo wa usiku hupenya kwenye mianya ya sakafu, na blanketi moja halikunitosha. Niliomba la pili nikapewa. Choo na bafu viko chini, visafi, maji ya moto yapo, ila ukiamka usiku unashuka ngazi gizani, basi mwenye magoti mabovu alifikirie hilo. Kuna dirisha upande wa madhabahu ya mababu ambalo ni la heshima, hupitishi kitu wala huliegemei. Tulipouliza wapi tuswali, mama alifagia kona ya mbali na upande huo, akatandika mkeka mpya.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ya kuitana. Kabla hujakaa vizuri wanakuuliza umri, kwa sababu bila hivyo hawajui wakuite nini: shangazi, dada, mdogo wangu, baba mkubwa. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo anaelewa mara moja. Jioni ya kwanza nilikuwa tayari dada mkubwa wa binti.

Babu wa nyumba alitupeleka kutazama ziwa. Bwawa la Hòa Bình lilianza kujengwa mwaka 1979 kwa msaada wa Wasovieti na kukamilika mwaka 1994, likiwa na megawati 1,920 wakati huo, na maji yake yalifunika mabonde ambamo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakiishi na kulima. Babu alinyoosha kidole kwenye maji matulivu, akasema shamba la mama yake liko pale. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekuonyesha nyumba ya jirani. Tulikaa kimya muda mrefu.

Usiku wa pili walikuja wanawake wa kupiga patu, zile sahani za shaba zinazogongwa. Kwa Wamuong wapigaji ni wanawake, na mwaka mpya hupita nyumba kwa nyumba wakipiga na kuimba baraka. Kila mmoja alishika upatu wake, mkubwa kwa mdogo, sauti ikapita kwenye sakafu hadi nyayoni. Baadaye ukaletwa mtungi wa pombe unaonywewa kwa mirija mirefu ya mwanzi, watu wamezunguka. Tulitaka kuondoka kwa adabu. Babu akatukalisha palepale kwenye duara, akatumiminia maji ya majani ya porini kwenye vikombe, akaendelea na mazungumzo.

Nikaomba jambo moja. Nilikuwa nimesoma kuhusu Te tấc te đác, utenzi wao mrefu wa kuzaliwa kwa ardhi na maji, nikauliza kama kuna anayeweza kutuimbia hata kidogo. Mama alitabasamu, akatikisa kichwa. Huo ni wa msibani, akasema, unaimbwa na mganga wao, ambaye huitwa mo, akimsindikiza marehemu kwa mababu. Hauimbwi kwa mgeni. Niliona haya kidogo, kisha nikamheshimu kupita kiasi. Kwetu nimeshuhudia ngoma ya jando ikichezwa saa sita mchana kwa basi la watalii wanaowahi chakula, na sikuwahi kusema kitu. Mama huyu alijua kipi ni cha mgeni na kipi si chake, na hakuomba radhi kwa hilo.

Usiku wa kwanza kulikuwa na kundi kutoka mjini na spika ya karaoke nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilizimwa saa nne. Mwenye usingizi mwepesi aje na pamba za masikio.

Fedha sasa. Usiku wa kwanza ulilipwa kupitia kwa wakala. Usiku wa pili tuliuongeza wenyewe na kumlipa mama mkononi: dong 100,000 kwa kila godoro, ambazo hazifiki dola nne, na dong 120,000 kwa mtu kwa chakula cha jioni. Wanawake wa patu tuliwalipa mbali, na wakagawana mbele yetu, kila mmoja akahesabu yake. Nilipomuuliza mama wakala alimpa ngapi kwa usiku ule wa kwanza, alinitajia kiasi ambacho sisi tulikuwa tumelipa zaidi ya mara tatu yake. Gari na dereva vina gharama, hilo nalijua vizuri, ndiyo kazi yangu. Lakini wakala aliyechukua sehemu kubwa hivyo hakuweza hata kufikisha sentensi moja kuhusu nguruwe, na aliyebeba aibu ni mama.

Ningependa kurudi mwezi wa mwaka mpya wao, nisikie patu nyumba kwa nyumba. Tutapanda basi la kawaida hadi mji wa Hòa Bình na kumpigia binti. Namba yake aliniandikia nyuma ya ile karatasi iliyobanduliwa kwenye sufuria mpya.