Jiko la kuchomea nyama: kagua kifuniko kwanza

Kabla ya kuvutiwa na rangi au magurudumu, funua kifuniko, kisha chezesha vibao vya matundu ya hewa. Mkaa hutawaliwa kwa hewa tu: ukifungua matundu unawaka kwa nguvu, ukiyabana unatulia. Ndiyo maana nimeyapanga majiko haya kwa jinsi yanavyokuachia moto mikononi mwako.

La kwanza, bila kusita, ni jiko la mkaa la mviringo lenye kifuniko. Umbo hili alilibuni George Stephen huko Chicago mwaka 1952, akiwa kiwanda cha Weber Brothers, naye alitaka kuukinga moto dhidi ya upepo. Chukua lenye kipenyo cha sentimita 57 hivi. Hapo mkaa unausogeza upande mmoja, upande wa pili unabaki mtupu. Vipande vyembamba viive juu ya makaa; mapaja ya kuku yakae upande mtupu, umefunika, yaive hadi mfupani bila kuungua nje. Wageni wakichelewa, kilichoiva kinahamia upande huohuo na hakipoi. Jiko dogo halikupi nafasi hiyo, na mchomaji huishia kuhangaika huku wenzake wakisubiri.

La pili ni la gesi. Liko tayari kwa dakika 10 hadi 15, linawafaa wanaochoma jioni baada ya kazi, ila harufu ya moshi ni hafifu. Paka mpira wa gesi maji ya sabuni: povu likitokea, gesi inavuja.

La tatu ni la kauri, lenye asili ya Japani. Linashika joto saa nyingi kwa mkaa kidogo. Ni zito sana, na likianguka hupasuka.

La nne ni lenye kisanduku cha moto pembeni, kwa nyama ngumu inayolainika polepole katika nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi. Linadai siku nzima ya kuchochea kuni, na mimi naipenda siku hiyo, kwa sababu watu hukaa. Epuka la bati jembamba, halitunzi joto.

Jiko la umeme nunua pale tu moto unapokatazwa. La mkaa usiliwashe ndani kamwe: hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Pesa ikibaki, ongeza kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama. Kuku ameiva akifika nyuzi 74.