GrandOrgue kwa muziki wa okestra: uzoefu wangu hapa Tabora

Mpiga kinanda wa kwaya anayetaka kupiga Bach au Handel kwa sauti ya kinanda cha mabomba aanze na GrandOrgue. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na sampuli (rekodi za sauti, bomba kwa bomba) za vinanda halisi zinapatikana bila malipo pia. Kinanda cha kanisa la Burea, Sweden, kinafaa sana kuanzia. Faili zake ni kubwa, hivyo pakua usiku kwa programu inayoweza kuendelea pale mtandao ulipokatikia.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa kinanda cha ukubwa wa kati. Memori ikijaa, pakia sampuli kwa biti 16 badala ya 24. Tengeneza na kache (nakala iliyo tayari ya kufungulia kinanda haraka) kwenye menyu ya faili, maana bila hiyo umeme ukikatika na laptopu ikazima, kwaya itasubiri sana.

Kinanda cha kawaida cha kwaya, chenye funguo 61 na tundu la USB, kinatosha kama kibodi. Zima sauti zake chenyewe ili usisikie mbili kwa pamoja. Kwenye Windows tumia dreva ya ASIO, inayopitisha sauti bila kuchelewa sana. Bafa (akiba ya sauti inayosubiri kutolewa) ya sampuli 256, yaani hapa vipande vidogo vya sauti, kwa Hz 48,000 inachelewesha sauti kama milisekunde 5 tu. Ukifika 1,024 ni kama 21, na vidole vinaanza kuburuza mwendo. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512 au punguza idadi ya mabomba yanayolia pamoja. Kodi (nota zinazopigwa pamoja) ya nota 6 kwenye stopu 10 (stopu ni safu ya mabomba ya sauti moja) ni mabomba 60, na mwangwi wa nota ulizoachia bado unaendelea kuhesabiwa.

Ila kwa okestra, kitu cha kununua kabla ya vyote ni pedali ya kukuza na kupunguza sauti. Bomba halijui nguvu ya kidole. Chukua Air ya Bach kutoka Suti ya 3 ya okestra: violini inashikilia F-shapu kipimo kizima huku besi ikitembea kwa oktava. Wapiga violini huivimbisha nota ile kwa upinde. Wewe huna njia nyingine ila pedali. Bofya kulia kwenye kidhibiti cha sanduku la sauti (sanduku la mabomba linalofunguka na kufungwa ili kukuza au kupunguza sauti), washa usikilizaji wa MIDI (ishara zinazotoka kwenye kibodi na pedali), kanyaga pedali, kisha hifadhi. Hakikisha kinanda ulichochagua kina sanduku hilo, kwa sababu vingi vya kibaroko havina.

Melodi ipe stopu moja ya futi 8 (nota kama ilivyoandikwa; futi 16 ni oktava moja chini), Oboe au Gamba, mkono wa kushoto filimbi laini ya futi 8, besi futi 16 na 8. Usirundike stopu; violini kumi hazigeuki kuwa tarumbeta. Tremolo ya nyuzi (nota inayorudiwa haraka haraka kwa upinde) usiipige kama ilivyoandikwa, shikilia kodi. Pedali ya kuendeleza sauti isahau, legato (kuunganisha nota) inatoka kwenye vidole.

Huna pedali za miguu? Washa kapla ya besi (kiunganishi cha kibodi na stopu za pedali), nayo itachukua nota ya chini kabisa ya mkono. Inasaidia, lakini besi ikinyamaza, tenori inageuka kuwa ya chini kabisa na kunguruma kwa futi 16. Sehemu hizo izime.

C ya chini ya futi 16 ni karibu Hz 33. Spika nyingi za inchi 12 haziifikii, zinatetemeka tu, kwa hiyo tafuta sabufa au ondoa stopu hiyo. Kwa kanisa lenye kuta ngumu na mwangwi wake mwingi, chukua sampuli kavu, yaani zilizorekodiwa bila mwangwi.

Mkipiga pamoja na matarumbeta ya Moravian, chagua temperamenti sawa (oktava ikigawanywa kwa hatua 12 zilizo sawa) na urekebishe kimo cha sauti kwa senti (sehemu ya mia ya nusu toni) hadi A ifike Hz 440, kabla matarumbeta hayajaanza kujipima nayo.