Simu garini bila kuishika: anza na maiki

"Mwanangu, mbona kama uko kwenye mashine ya kusaga?" Hayo ni maneno ya mama, akiwa Tanga, mimi nikiwa kwenye foleni ya Ubungo na kifaa kipya nilichokuwa nimekinunua siku ileile Kariakoo. Mimi nilimsikia vizuri kabisa, sauti imejaa gari zima. Yeye alisikia feni ya AC, honi za bajaji na mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kununua vitu hivi. Muuzaji dukani anakusikilizisha spika na kukuonyesha ukubwa wa kioo, na wewe unalipia hivyo viwili. Lakini kitu kinachoamua kama mazungumzo yatawezekana ni maiki: ilivyo, na ilipofungwa.

Sababu ya kuhangaika na haya yote inajulikana. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiinamisha macho sekunde tano kutafuta jina kwenye simu, umeshapita zaidi ya mita 110, urefu wa uwanja wa mpira na zaidi, bila kuona mbele. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali takribani mara nne ya asiyetumia, na linasema pia kwamba kuongea bila kuishika simu hakukuongezei usalama mwingi kuliko kuishika, maana akili nayo inakuwa imeondoka barabarani. Kwa hiyo hakuna kifaa hapa chini kinachokupa ruhusa ya kujadili harusi kutoka Chalinze mpaka Morogoro. Ni cha kusema "nipo njiani, nitakupigia" na kukata. Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Faini hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote unazoweza kulipa.

Kabla ya kutoa hela

Kaa garini, washa redio, uiangalie. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine yana Bluetooth tayari ambayo mwenye gari hajawahi kuigusa kwa sababu menyu yote ni ya Kijapani. Tafuta alama ya mkono wa simu kwenye usukani au kwenye redio. Angalia juu ya kioo cha mbele, karibu na taa ya ndani: ukiona vitundu vidogo vimepangwa pamoja, mara nyingi hapo ndipo maiki ilipojificha. Chukua simu ya pili yenye programu ya kutafsiri kwa kamera, ielekeze kwenye menyu, fuata maandishi mpaka mahali pa kusajili simu. Ikidai namba ya siri, jaribu 0000 au 1234. Nimewahi kumsaidia jirani mwenye Premio hivi hivi, akaondoka na kifaa chake bila kununua chochote.

Kama haina Bluetooth, angalia kama ina tundu la AUX, yaani la kuchomeka waya wa sauti kutoka nje, na masafa ya FM yanaanzia wapi. Ikiwa yanaanzia 76 na kuishia 90, kumbuka namba hizo. Nitazirudia.

La kwanza: redio yenye Bluetooth na maiki ya nje

Hili ndilo chaguo langu kwa mtu mwenye gari lake atakalokaa nalo. Neno la kushikilia ni "maiki ya nje", yaani maiki yenye waya wake mrefu unaochomekwa nyuma ya redio na kupelekwa karibu na mdomo wako. Redio nyingi za Android zenye kioo kikubwa cha inchi 9 au 10, ambazo sasa zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi, zina kitundu kilichoandikwa MIC usoni pa redio. Maiki hiyo iko chini katikati ya dashibodi, inchi chache kutoka kwenye matundu ya AC. Humo ndimo mama yangu aliponisikilizia. Nyingi ya redio hizo huja na maiki ya nje kwenye boksi, imeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki, na fundi akimaliza kazi mfuko huo unabaki kwenye boksi. Uulizie. Kama redio haina mahali pa kuichomeka, iache dukani.

Kati ya redio ndogo ya kampuni inayojulikana, kama Pioneer, Sony, Kenwood au JVC, na kioo kikubwa kisicho na jina kwa bei inayokaribiana, mimi nachukua ndogo. Inawaka mara moja ukiwasha gari, vitufe vyake unavipapasa bila kuangalia, na sauti yako inafika. Kioo kikubwa kina faida yake kwa mtu anayetumia ramani kila siku, hasa kikiwa na CarPlay au Android Auto, mifumo inayoleta programu za simu kwenye kioo cha redio, lakini hapo lipia cha maana.

Pima tundu pia. Redio kubwa ya kawaida ina upana wa milimita 178 hivi, wakati nafasi ya Toyota za Japani ni 200. Ukichukua ya kawaida utahitaji vipande vya pembeni vya kuziba mwanya. Ni vya bei ndogo, ila usipovidai kazi inabaki na mianya miwili myeusi inayokutazama kila siku.

La pili: spika ya kubana kwenye kibao cha jua

Ni kidude chenye betri yake, spika na maiki, kinabanwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua juu ya kichwa cha dereva. Jabra na Motorola wamevitengeneza kwa miaka mingi. Hakigusi redio wala waya hata mmoja. Kwa dereva wa teksi za mtandaoni anayeendesha gari la bosi, au anayebadilisha gari leo Noah kesho Probox, hiki ndicho cha kwanza, tena bila mjadala. Maiki iko sentimita thelathini au arobaini kutoka mdomoni, mbali na AC. Udhaifu wake ni spika ndogo ambayo barabara ya vumbi ikianza kunguruma inazidiwa, na betri inayochoka haraka ukiiacha iokwe juani mchana kutwa. Ukiegesha, kitoe uweke chini ya kiti.

La tatu: kipokezi cha Bluetooth cha AUX

Kama redio ina AUX, kidude kidogo cha kuchomeka hapo kinatosha kwa mwenye bajeti fupi. Hakikisha boksi linataja simu na si muziki peke yake, kwa sababu vingine vinapokea muziki tu: simu ikiingia, sauti inarudi kwenye simu yenyewe mfukoni. Maiki yake iko ndani ya kidude hicho, kwa hiyo nunua chenye waya wa kutosha ukigandishe karibu nawe, usikiache kining'inie chini kwenye gia. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka na mguu wa mafuta, unatoka kwenye umeme wa gari kupitia chaja. Kifaa kidogo cha kutenga ethi (njia ya hasi ya umeme) kinachokaa katikati ya waya wa AUX huuondoa.

La nne: modyuleta

Hiki ndicho kinachouzwa kuliko vyote, hata kwenye taa za barabarani, na bei yake haizidi sana lita kumi za petroli. Unakichomeka kwenye tundu la laita, kinarusha sauti ya simu kwa masafa ya FM, redio inakidaka. Rahisi. Na kwa gari la Japani ndipo watu wengi wanapoumia.

Modyuleta inarusha kati ya 87.5 na 108, masafa ya FM tunayotumia huku. Redio ya Japani ya zamani inasikia 76 hadi 90. Vinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 mpaka 90, na kwa Dar es Salaam kipande hicho kimeshikwa: East Africa Radio na Clouds FM zote ziko kwenye 88 na ushee. Unapata upenyo Kimara, ukifika Posta kituo kinakumeza, na aliye upande wa pili wa simu unaanza kumsikia akichanganyika na taarabu. Kama redio imefungwa kile kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, una nafuu, kwa sababu sasa redio inasikia na kule juu ambako pana nafasi. Ila usisahau hesabu: kikiwa kinashusha kwa 20, ukirusha kwenye 106.0 tafuta 86.0 kwenye redio. Wengi wanatafuta 106 mpaka wanakata tamaa na kurudisha kifaa kizima dukani.

Maiki yake nayo iko pale kwenye laita, karibu na goti. Ukilazimika, chukua yenye shingo ndefu ya kupinda inayoinua maiki juu. Mwenye Fuso au Scania asome kwanza kama inakubali volti 12 hadi 24, maana ya 12 tupu kwenye lori la 24 inaungua siku hiyohiyo.

Sikuweka kwenye orodha spika za masikioni. Kwa dharura weka sikio moja, la pili liachie barabara. Wala sikuweka vile vifaa vya kufungwa moja kwa moja ndani ya dashibodi kama Parrot, ambavyo ndugu zetu wa Ulaya walikuwa wakivileta. Vilikuwa vizuri sana wakati wake, lakini ukikikuta cha mtumba leo, kinaweza kukataa kuelewana na simu mpya.

Kufunga

Hapa ndipo pa kukaa macho, hata kama hujui umeme. Redio mpya inakuja na waya za rangi: njano ni umeme wa betri wa wakati wote, nyekundu ni ule unaokuja ukiwasha funguo, nyeusi ni ethi, na nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Upande wa Toyota rangi ni nyingine. Huko kijivu mara nyingi ndiyo ACC, yaani ule umeme wa funguo, na kahawia ndiyo ethi. Fundi anayeunga kijivu kwa kijivu anapeleka volti 12 kwenye njia ya spika, na redio mpya inakufa kabla hujaisikia. Dawa yake ni plagi ya kati ya Toyota, inayochomekwa upande huu na upande huu bila kukata waya wa gari. Inunue pamoja na redio, siku ileile, duka lilelile. Fundi akikwambia haina haja, ana mkasi mkononi tayari.

Njano na nyekundu zikigeuzwa, redio itasahau simu yako na vituo vyote kila ukizima gari. Zikiunganishwa zote kwenye umeme wa wakati wote, asubuhi utaomba kusukumwa.

Kuchomoa betri kuna pande mbili. Kama redio ya zamani inaondoka, chomoa teminali ya hasi kabla ya kufungua dashibodi na usubiri angalau sekunde 90, muda ambao Toyota wenyewe wanauagiza, ili umeme wa eabegi uishe. Lakini kama unabaki na redio ya Kijapani ya kiwandani, uliza kwanza: baadhi yake betri ikitoka zinajifunga na kudai namba ya kufungulia, na vilevile kadi ya SD ya ramani ikichomolewa zinagoma kuwaka. Usimpe mtu kadi hiyo akawekee nyimbo.

Kisha maiki. Mahali pake ni juu ya usukani au kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, ikiangalia mdomo. Waya wake unapita ndani ya nguzo, na kama gari lina eabegi ya pembeni humo, unapita nyuma ya eabegi, kamwe si mbele yake, kwa sababu ikifumuka itaurusha waya na plastiki usoni pako. Gari langu lilitoka kwa fundi mmoja taa ya eabegi ikiwaka. Alikuwa amebana waya wa maiki kwenye plagi ya njano, na plagi za njano chini ya usukani ni za eabegi. Nilizunguka na taa hiyo wiki nzima kabla ya kupata wa kuniambia. Sasa kabla ya kuondoka gereji nazima gari, nawasha funguo bila kuwasha injini, nahakikisha taa zote za dashibodi zinawaka na zinazopaswa kuzima zinazima. Kishikio cha simu nacho kisikae juu ya kifuniko cha eabegi.

Usimalizie malipo bado. Washa injini, AC namba tatu, vioo vimefungwa, halafu mpigie mtu aliye mbali, sebuleni kwake, asiye na haraka. Usimuulize "unanisikia?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Msomee namba ya simu asiyoijua, tarakimu kumi, kwa sauti yako ya kawaida, na mwombe akurudishie. Zikipotea mbili, sogeza maiki na urudie. Zikirudi zote kumi, mlipe fundi.