Tangi jipya la sigara ya kielektroniki: anza na koili, sura itafuata

Tangi, yaani chombo cha kioo na chuma kinachobeba kimiminika cha sigara ya kielektroniki, likianguka kwenye vigae, unabaki na kimiminika kinachonata sakafuni na kipande cha chuma mkononi. Hapo ndipo watu wengi hununua tangi jingine, na hununua kwa hasira. Tulia kwanza. Zoa vioo vyote, futa kimiminika, kisha nawa mikono kwa sabuni, maana nikotini hupenya ngozini na ni sumu kwa mtoto au mnyama atakayeilamba.

Kisha tazama kilichobaki. Kama chuma cha juu na cha chini havikupinda na hesi zake bado zinaingiana, huhitaji tangi. Unahitaji kioo cha akiba, nacho huuzwa peke yake. Na kama shida ilikuwa kuvuja, fungua tangi lote, panga vipande juu ya karatasi nyeupe na ukague kila oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) kwa mwanga. Iliyochoka utaijua: imebonyea upande mmoja, au ina mkato mwembamba ambao huuoni mpaka uinyooshe kidogo kwa vidole. Oringi mpya inamaliza kazi hiyo.

Tangi linastahili kubadilishwa pale chuma kinapopinda, hesi zinapoliwa, au koili zake (vipande vidogo vya waya na pamba vinavyopasha kimiminika kiwe mvuke) zinapokuwa hazipatikani tena. Hili la mwisho ndilo lililoniumiza mimi. Niliwahi kununua tangi zuri kweli, lina rangi za upinde wa mvua, kioo kimetuna kama chungu. Baada ya miezi michache koili zake zikaadimika, halafu zikapotea kabisa. Tangi likabaki kwenye droo, zima, halina hata mkwaruzo, na halina kazi. Tangu hapo huwa natafuta koili kwanza. Nikishaona zinauzwa na wauzaji wengi tofauti, na zinaingia kwenye matangi zaidi ya moja, ndipo natazama tangi lenyewe.

Kabla ya kuendelea niseme hili kwa moyo wote: mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anatumia kifaa hiki, hasa aliyekuja huku akikimbia sigara ya moto. Kama huvuti chochote, usianze. Nikotini ikikushika haikuachii kirahisi.

Je, litakaa kwenye betri yako?

Matangi mengi yanayouzwa peke yake hufungwa kwa hesi inayoitwa 510. Ukiona namba hiyo kwenye bodi ya betri (mwili wa kifaa unaobeba betri) na kwenye tangi, vitafungana. Vifaa vidogo vya podi, yaani kikasha cha kimiminika cha kuchomeka, ni habari nyingine. Podi ya kampuni moja mara nyingi haiingii hata kwenye kifaa kingine cha kampuni hiyohiyo, kwa hiyo ukiwa na kifaa cha namna hiyo nunua podi yake yenyewe kwa jina kamili, na sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu.

Upana nao unahesabika. Matangi ya mvuto mwembamba (ya kuvuta kama sigara, kinywani kwanza) huwa karibu na milimita 22 hadi 25, na yale makubwa hufika 26 au zaidi. Tangi likiwa pana kuliko bodi litaning'inia pembeni; litafanya kazi, lakini kingo yake ndiyo itakayokuwa ya kwanza kugonga meza.

Kipimo kizito zaidi ni nguvu ya betri. Betri moja ya 18650, aina ya betri ya litiamu ya mviringo, ikiwa imejaa ina volti 4.2. Koili ya omu 1.6 (omu hupima ukinzani; zikiwa chache, umeme hupita mwingi) ikiunganishwa nayo moja kwa moja huvuta takribani ampea 2.6, sawa na wati 11 hivi. Koili ya omu 0.2 kwa betri hiyohiyo huvuta ampea 21, zaidi ya wati 88. Betri nyingi nzuri za aina hiyo zimepimwa kwa ampea 20 au 25 za mfululizo, kwa hiyo hapo umeshafika ukingoni. Hata bodi yenye saketi ya kudhibiti haikuepushi na hesabu hii: ukiiomba wati 75 wakati betri imeshuka hadi volti 3.5, bado inadai zaidi ya ampea 21. Ndiyo maana mwenye bodi ya betri moja simshauri anunue tangi ambalo koili zake zote zinataka wati 70 na kwenda juu. Litaila betri na kuipasha moto. Hilo ni tangi la bodi ya betri mbili.

Na kama bodi yako ni ya mekanika, isiyo na saketi yoyote ya ulinzi, usifunge tangi ambalo pini ya katikati haijatokeza wazi kupita hesi. Hesi ikigusa kichwa cha betri umetengeneza shoti, na betri ya litiamu ikipata shoti inaweza kulipuka.

Unavutaje?

Swali hili ndilo linalogawa soko lote. Wapo wanaovuta kama wavuta sigara: moshi unakaa kinywani kwanza, kisha unashuka. Hao wanahitaji hewa finyu na koili ya omu 0.8 na kuendelea. Wengine huvuta moja kwa moja hadi mapafuni, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Hao wanahitaji matundu mapana na koili iliyo chini ya omu 0.5.

Ukikosea hapa, hakuna tangi zuri litakalokuokoa. Kimiminika chenye nikotini miligramu 20 kwa mililita kimekusudiwa mvuto mwembamba. Kikiwekwa kwenye tangi la wati 70, kila mvuto unaleta mvuke mwingi mno, na mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu, moyo unaenda mbio. Kwenye matangi hayo makubwa watu hutumia 3, pengine 6.

Uzito wa kimiminika nao una la kusema. Kile chenye gliserini nyingi, asilimia 70 na zaidi, ni kizito kama asali. Matundu madogo ya koili ya mvuto mwembamba hayakipitishi kwa wakati, pamba inakauka, na unapata ladha ya kuungua inayokwaruza koo. Kile cha nusu gliserini na nusu propilini glikoli, iliyo nyepesi zaidi, ni chepesi, na kwenye koili kubwa yenye madirisha mapana hupita tu na kuchuruzika kwenye matundu ya hewa. Malalamiko mengi ya "tangi hili linavuja" ninayosikia ni ya kimiminika chepesi kwenye tangi kubwa, na tangi lenyewe halina kosa.

Nafasi ya kwanza: tangi la mvuto mwembamba lenye koili za ukoo

Kwa watu wengi, jibu langu ni hili. Matangi haya hutumia wati 10 hadi 20 hivi, betri inakaa siku nzima, kimiminika hakiishi haraka, na koili moja hudumu muda mrefu.

Mfano ninaouamini ni Nautilus ya Aspire. Ukoo huu una zaidi ya miaka kumi, na koili zake za BVC (jina la aina ya koili za Aspire) za omu 1.6 na 1.8 zilizokuwa zikitumika tangu zamani huingia hata kwenye Nautilus 2. Kampuni ikitoa tangi jipya linalokubali koili za zamani, inakuonyesha kwamba haina mpango wa kukuacha njiani. Lakini soma jina lote: Nautilus X ilitengenezewa koili zake tofauti, na ukiagiza zile za BVC kwa sababu tu neno Nautilus limeandikwa, zitabaki kwenye pakiti.

Zenith ya Innokin ipo bega kwa bega nayo. Koili zake husukumwa tu zikaingia, hazina hesi ya kuliwa, na zinashirikiana na tangi la Zlide. Kifuniko cha juu kinazunguka, tundu linafunguka, unajaza bila kuligeuza tangi chini juu. Mtu ambaye vidole vyake havina nguvu, au anayejaza akiwa ndani ya gari, ataishukuru. Kama ningekuwa nanunua la kwanza leo, ningechukua Zenith na koili ya omu 1.6 kwa kimiminika chepesi, au ya 0.8 kwa kizito kidogo.

Nafasi ya pili: tangi kubwa la koili ya wavu, hewa ikiingia juu

Kama unavuta hadi mapafuni, tafuta mambo mawili. Kwanza, koili ya wavu badala ya waya uliozungushwa: wavu ni bapa, hupasha pamba kwa eneo kubwa na kwa usawa, ladha inakuwa kamili na sehemu moja haiungui kabla ya nyingine. Pili, matundu ya hewa yawe juu. Matundu ya chini hutoa ladha kali zaidi kwa kuwa hewa inapiga koili moja kwa moja, lakini yakizidiwa, kimiminika kinashukia kwenye bodi yako. Ya juu hupunguza kuvuja sana, na mimi nimeridhika kupoteza ladha kidogo ili mfuko wa suruali ubaki mkavu.

Zeus Sub-ohm ya Geekvape ina vyote viwili. Ni ya milimita 26, kwa hiyo pima bodi yako. Tahadhari moja: Geekvape nao huziita koili zake Z, kama Innokin wanavyoziita za kwao. Hazihusiani hata kidogo na haziingiliani.

Nimeliweka la pili kwa sababu linakula: kimiminika, betri na koili vyote huisha mapema kuliko kwenye tangi la kwanza.

Nafasi ya tatu: tangi la kujifungia koili

Hili ndilo ninalolipenda zaidi, na bado naliweka la tatu. Hakuna koili ya kununua. Unanunua waya na pamba, unafunga mwenyewe, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kuliua kwa kuacha kutengeneza koili zake. Linaweza kudumu miaka mingi.

Ila linataka mkono uliotulia. Pamba ipite ndani ya koili kwa msuguano mdogo, waya usivutike nayo. Ncha zake zikatwe ziguse tu sakafu ya vijito vya kimiminika: zikiwa nene zinaziba na koili inaungua, zikiwa chache kimiminika kinafurika. Na kabla ya kuvuta lazima upime omu, kwa kipimo au kwa bodi inayozionyesha. Asiyetaka kujifunza hayo asilinunue, wala asishawishiwe na rafiki.

Nisichokushauri

Matangi ya plastiki tupu naya­weka mwisho. Vimiminika vyenye mdalasini, ndimu au mnanaa mkali vinaweza kuyapasua nyufa, na kioo hakina tatizo hilo. Matangi yasiyo na jina la mtengenezaji siyagusi kabisa, kwa kuwa hujui koili ipi itaingia kesho. Koili bandia nazo ni nyingi. Watengenezaji wengi huweka stika ya kukwangua yenye namba ya kuhakiki kwenye tovuti yao, na kazi hiyo ni ya dakika moja.

Ukiagiza kioo cha akiba, angalia ujazo. Kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika Mei 2016, zinataka tangi lisizidi mililita 2, kwa hiyo tangi lilelile huuzwa kwa sura mbili: la mililita 2 kwa soko hilo, na la 4 au 5 kwingine. Kioo cha moja huenda kisitoshe kwenye jingine. Na kabla ya kuagiza kuvuka mpaka, au kusafiri nalo, soma sheria ya unakokwenda. India ilipiga marufuku biashara ya vifaa hivi mwaka 2019, na Singapore tangu 2018 kuwa nacho tu ni kosa.

Likishafika

Lifungue lote, toa koili pembeni, osha chuma na kioo kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mafuta ya mashine ya kiwandani hubaki kwenye hesi. Pangusa kwa kitambaa cheupe utaona weusi. Kausha kabisa. Lifunge kwenye bodi kwa vidole viwili, likigota acha hapo. Anayekaza kwa nguvu huisukuma chini pini ya bodi, kisha bodi inagoma kuliona tangi na yeye anadhani ameuziwa bovu.

Dondoshea koili matone manne au matano kwenye madirisha ya pamba na katikati, mpaka uone pamba imebadilika rangi. Jaza, funga, subiri dakika kumi. Anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa ubavuni mwa koili, vuta mara tano au sita za taratibu, ndipo upandishe mojamoja.