Maktaba ya abasia (makao ya watawa) ya St. Gallen, Uswisi: nyota tano, na neno moja la lawama

Ukipita Uswisi na unapenda vitabu vya kale, shuka treni St. Gallen. Mlangoni unapewa sapatu kubwa za kitambaa uvae juu ya viatu vyako, usije ukakwaruza sakafu ya mbao, basi unaburuza miguu kama mtoto aliyevaa makubadhi ya baba yake. Ukumbi ni wa karne ya 18, rafu zimepanda mpaka karibu na dari, na dari lenyewe limejaa michoro.

Mimi lakini niling'ang'ania makabati ya vioo. Miswada ya hapa, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, inazidi 2,000, mingine ina zaidi ya miaka 1,000, na wino bado unasomeka. Kurasa zake ni za ngozi ya mnyama, na ngozi nyingine ilitoboka tangu ilipotengenezwa. Mtawa mwandishi alilizunguka tundu tu, akaendelea na mstari wake.

Kisichonipendeza ni maiti iliyokaushwa ya Schepenese, mwanamke wa Misri ya kale, kuwekwa humo. Si kwao pale.

Nilipokwenda, kupiga picha ukumbini hakukuruhusiwa. Si neno, miswada mingi imewekwa bure kwenye e-codices, tovuti ya picha za miswada ya Uswisi. Nenda asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajajaa.