Windows 11 kwenye laptopu iliyokwisha tumika: ipi ya kuwekea, ipi ya kuacha

Juu ya meza ya muuzaji wa Lubumbashi, Lenovo ThinkPad T470 na T480 zinafanana kama mapacha. Windows 11 haizioni hivyo: T480 yenye prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ya kizazi cha 8 inapokelewa, T470 inakataliwa. Na zipo T480 zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7, kwa hiyo jina la juu ya kifuniko lisikutoshe.

Bonyeza Windows na R pamoja, andika msinfo32, kisha soma mstari wa prosesa. Kwenye i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 7. i5-8250U ni cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo. Kwa Intel, Microsoft inaanzia kizazi cha 8, ikidai pia TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo za siri), RAM giga 4 na diski giga 64. Hizo giga 4 ni za karatasini tu. Chini ya 8, Word na kurasa chache za Chrome zinatosha kuikwamisha mashini.

TPM inakaguliwa kwa tpm.msc. Ikisema haipo, mara nyingi imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashini yenyewe kabla Windows haijaanza: HP inaingiwa kwa F10, ThinkPad kwa F1, wakati mashini inawaka. Usiiguse kabla ya kusimamisha BitLocker, kifungio cha Windows kinachoficha faili za diski, na kuandika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48. Mashini ikiuomba nawe huna, faili zinabaki zimefungwa, na hakuna fundi wa kuzifungua.

Lakini kinachoua Windows 11 kuliko vyote ni diski ya kuzunguka (HDD). Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, utazame safu ya diski: inapanda hadi 100% na kukaa hapo dakika nyingi, huku kishale kikitambaa. Watu wanailaumu Windows, wanafuta picha na programu, hakibadiliki kitu. Weka kwanza SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, ya aina ya SATA ya inchi 2.5, giga 256. Hata HP EliteBook 840 G3 ya kizazi cha 6 inapokea SSD hiyo, na Windows 10 yenyewe itakuwa nyepesi.

Kwa bei ya mega za hapa, pakua faili ya ISO (Windows 11 nzima ndani ya faili moja) mara moja, giga 5 na zaidi, uiweke kwenye flashi ya giga 8 au zaidi itumikie mashini zote za ofisi. Acha giga 30 wazi kwenye diski, nakili kazi zako nje, na batri iwe imejaa: umeme ukikatika katikati ya usakinishaji huku batri imekufa, huenda mashini isiwake tena. Hapo T480 inatusaidia sana, maana ina batri mbili, ya ndani na ya nje.

T470 inaweza kulazimishwa kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandaa flashi za usakinishaji, na inakwenda. Hatuipendekezi kwa mashini ya duka au famasi: Microsoft haiahidi masasisho yoyote hapo, na kila toleo kubwa la mwaka utalilazimisha tena kwa mkono. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, ila toleo la 22H2 linaweza kuandikishwa kwenye ESU, masasisho ya usalama ya nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inaifaa mashini hiyo kuliko Windows ya kulazimisha.

Aliyekwisha kuweka Windows 11 juu ya Windows 10 na hakuridhika ana siku 10 za kurudi nyuma, mradi hajafuta folda ya Windows.old. Inakula giga nyingi, na programu za kusafisha diski huifuta, kwa hiyo usiziguse katika siku hizo.